Siku ya Kuzaliwa ya Mtu Mzima Isiwe Harusi Ndogo

Ukimwuliza mtu mzima wa Mwanza kama husherehekea siku yake ya kuzaliwa, mara nyingi atakwepa. Atasema yeye si mtoto, au mambo hayo ni ya wanafunzi wa chuo kule Malimbe, au umri umekwenda na hakuna cha kushangilia. Wengi huyapokea majibu hayo kama unyenyekevu, lakini naona yanaficha jambo jingine. Watu hao hao huenda kwenye ubarikio, kwenye sendofu, kwenye harusi, wakacheza mpaka usiku wa manane bila kulalamika. Kinachowakimbiza ni namna besdei ya mtu mzima ilivyoanza kufanyika mjini: kamati, michango, ukumbi, mshereheshaji, meza kuu, na watu kuitwa kwa majina kwenda kulishwa keki. Huo ni mpangilio wa harusi uliopunguzwa ukubwa, ukapewa mtu mmoja, kisha ukapangiwa kurudi kila mwaka. Kasoro yake kubwa ni huko kurudi kila mwaka.

Mchango wa harusi una mantiki yake. Ndoa kwa wengi hufungwa mara moja, na aliyechangiwa leo atalipa fadhila miaka mitano au kumi ijayo, pengine kwa mtoto wa yule aliyemchangia. Deni hutembea polepole na kila mmoja hupata muda wa kupumua. Besdei haitoi muda huo. Chukua mfanyakazi wa kawaida mwenye makundi manne: ofisini wako 18, kikoba kina wanachama 15, kwaya ina waimbaji 24, na kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja lina watu 40. Ukimtoa yeye mwenyewe katika kila kundi, wanabaki watu 93. Akimchangia kila mmoja shilingi 5,000 tu, kwa mwaka ametoa 465,000. Kima cha chini cha mshahara serikalini, baada ya kupandishwa Julai 2025, ni shilingi 500,000 kwa mwezi. Kwa mtu wa kima hicho, karibu mshahara wa mwezi mzima, tena kabla ya makato, umekwenda kwenye keki za wenzake. Anayesema hapendi mambo ya besdei huenda ameshaipiga hesabu hiyo kichwani, hata kama hajawahi kuiandika.

Wapo watakaojibu kwamba fedha hizo zitarudi. Zitarudi kama kundi litabaki vile vile kuanzia Januari hadi Desemba, na makundi machache hubaki hivyo. Tuseme kikundi cha watu 12 kinakubaliana 10,000 kwa kila besdei. Kila mmoja atapokea 110,000 na kutoa 110,000, hakuna aliyepata wala aliyepoteza. Lakini aliyezaliwa Januari anapokea wakati ari iko juu. Aliyezaliwa Desemba anafikiwa wakati mmoja amehamishwa kituo, mwingine amejitoa, na waliobaki wanawaza ada za shule zinazosubiri mwezi unaofuata. Kwa hiyo mtindo huu huwabeba waliozaliwa mapema na kuwaumiza wa mwisho, kila mwaka, watu wale wale. Ukisikia mtu wa Desemba akinung'unika, usidhani ana roho mbaya.

Dawa ipo na si ngumu. Kila mwanachama aweke 10,000 kila mwezi, iwe mwezi huo kuna besdei au hakuna. Kwa mwaka mfuko wa watu 12 unafikia 1,440,000. Kila mmoja akipewa 110,000 yake, zinatoka 1,320,000, na 120,000 zinabaki kwa dharura. Malipo yafanywe mwisho wa kila robo mwaka, kwa sababu wakizaliwa wanne Januari mfuko utakuwa na 120,000 huku ukidaiwa 440,000. Hata mwisho wa robo mwaka hiyo mfuko utafika 360,000 tu, hivyo mmoja wao akubali mapema kusubiri robo inayofuata. Anayeondoka baada ya kupokea arudishe tofauti: aliyeweka 30,000 akapokea 110,000 anadaiwa 80,000. Sharti hilo liandikwe kwenye daftari na kusainiwa siku ya kwanza, kabla ya mtu yeyote kupokea. Likitungwa baada ya mmoja kuondoka litaonekana limemlenga yeye.

Na kujiunga kuwe hiari ya kweli. Mashahidi wa Yehova hawasherehekei siku za kuzaliwa, na wapo Waislamu wanaoliona jambo hilo kuwa bidaa, yaani uzushi katika dini. Mtu wa namna hiyo akikatwa kwa lazima, ama anatoa mwaka mzima bila kupokea, ama anapokea kitu ambacho dhamiri yake imekikataa. Ofisi nyingi hujidai hazilioni hilo kwa sababu aliyekerwa ni mmoja na ni mpole.

Kuna tatizo jingine ambalo huibuka pale orodha ya tarehe inapobandikwa ukutani. Kati ya wenye umri wa miaka 45 na kuendelea, unaweza kukuta watatu au wanne wamezaliwa tarehe 1 Julai, na wengine 1 Januari. Hawakuzaliwa siku hiyo. Walizaliwa nyumbani, Kwimba, Magu, Ukerewe au kisiwani Kome, na tarehe iliandikwa na mwalimu siku ya kuanza darasa la kwanza, au na karani aliyehitaji kujaza nafasi kwenye fomu. Tangu hapo ikawa yao. Namba ya NIDA, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20, na 8 za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tarehe iliyokadiriwa na mwalimu miaka ya 1970 inamfuata mtu hadi benki, hadi kwenye usajili wa laini ya simu, hadi kwenye mafao yake ya uzeeni.

Wazazi hao hawakuwa wajinga wa kutojua mtoto alizaliwa lini. Walijua kwa hesabu nyingine. Usukumani mtoto wa wakati wa mvua huitwa Mabula au Kabula, wa wakati wa njaa Mayala au Nyanzala. Pacha ni Kulwa na Doto, na anayewafuata ni Shija. Mwaka nao ulishikwa kwa tukio. Zipo familia za pwani ya ziwa zinazohesabu umri kuanzia mvua kubwa za Uhuru, pale maji ya Viktoria yalipopanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964 na kumeza mashamba ya ufukweni. Wa rika la chini yao husema "mwaka wa MV Bukoba", meli iliyozama ziwani, na kila mtu wa Mwanza anajua ni 1996, Mei 21. Ukiwa na mzazi wa aina hiyo unaweza kuambiwa ulizaliwa mtama ukiwa umeanza kutoa masuke, asubuhi, siku ya gulio. Huo ni ushahidi mzuri kuliko tarehe ya karani, ila hauingii kwenye fomu.

Sasa fikiria baba wa miaka 58 anayeitwa sebuleni na watoto wake tarehe 1 Julai, akaimbiwa na kuambiwa apulize mishumaa. Watoto wake walizaliwa hospitalini, wana kadi za kliniki zenye siku na uzito. Wajukuu wake wamepewa vyeti vya kuzaliwa bure kituoni au ofisi ya kata kabla ya kufikisha miaka mitano. Kwao tarehe ni jambo lisilo na shaka. Yeye anajua moyoni kwamba siku hiyo si yake, na hana pa kulisemea hilo bila kuonekana anaharibu furaha. Ukimya wake hutafsiriwa kuwa hapendi sherehe. Nadhani familia nyingi zingepata jibu tofauti kama zingemwuliza kwanza swali dogo: "Baba, bibi alisema ulizaliwa msimu gani?" Akisema ni wakati wa kuvuna pamba, basi chagueni Jumapili moja ya msimu huo, na iwe hiyo miaka yote. Tarehe ya kwenye kitambulisho iachwe ifanye kazi yake ya ofisini.

Kuhesabu umri kwa mwaka au msimu si ushamba. Korea Kusini, nchi yenye rekodi za kila kitu, iliacha rasmi Juni 2023 tu utaratibu wa zamani ambao kila raia aliongeza mwaka mmoja wa umri kwa pamoja tarehe 1 Januari.

Hata huku kwetu, shangwe kubwa zilikuwa za msimu na za wengi. Bulabo, tamasha la ngoma za Wasukuma kule Bujora, Kisesa, huchezwa Juni wakati wa sikukuu ya Ekaristi, mavuno yakiwa yameingia, vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vikishindania watazamaji. Hakuna anayesimamishwa peke yake ili wengine wamtazame kwa sababu ya umri wake. Wakatoliki wa rika la juu nao walikuwa na sikukuu ya somo, yaani ya mtakatifu ambaye mtu amepewa jina lake, desturi iliyoota mizizi huku tangu wamisionari wafungue misheni ya Bukumbi mwaka 1883: kina Yosefu tarehe 19 Machi, kina Petro na Paulo tarehe 29 Juni, kina Anna tarehe 26 Julai. Ilikuwa na faida mbili ambazo besdei imezipoteza. Wenye jina moja walisherehekea pamoja, kwa hiyo gharama na macho ya watu viligawanyika. Na hakuna aliyeulizwa ametimiza miaka mingapi. Kwa mwanamke wa miaka 47 anayefanya kazi na mabinti wa miaka 24, hiyo ya pili si ndogo hata kidogo.

Wavuvi wana kalenda yao pia, na mpangaji wa mjini asiyeijua atapata viti vitupu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa karabai au taa za sola, kwa sababu mwanga wa taa ndio unaowakusanya. Mbalamwezi ikiwaka taa haina nguvu tena, mitumbwi inapumzika siku kadhaa kabla na baada ya mwezi mpevu, na ndipo wanaume wanaporudi nyumbani wakiwa na fedha na usingizi wa kutosha. Kama mwenye siku au nusu ya wageni wake wanaishi kwa dagaa, Igombe au visiwani, angalia mwezi kabla ya kuangalia tarehe. Sherehe ya katikati ya giza itahudhuriwa na wake na watoto tu.

Hofu ya umri yenyewe ipo, siikatai. Mwaka 2012 watafiti wa Uswisi walichambua vifo zaidi ya milioni 2 na kukuta kwamba siku ya kuzaliwa ilikuwa na vifo vingi kuliko siku nyingine kwa karibu asilimia 14, hasa kwa wenye miaka 60 na zaidi. Watafiti wawili wa vyuo vikuu vya Marekani, Adam Alter na Hal Hershfield, waliandika mwaka 2014 kwamba watu wenye umri unaoishia na 9, yaani 29, 39, 49, hujihoji kuhusu maisha yao kuliko wenye umri mwingine. Yanalingana na yanayosemwa vibarazani: 39 inauma kuliko 40, maana ukifika umefika. Lakini hofu hiyo ni ya mtu na nafsi yake, na haielezi kwa nini wenye miaka 33, wenye afya na kazi, nao wanazima simu siku hiyo.

Simu yenyewe ni sehemu ya jibu. Siku hizi kupendwa kunapimwa kwa statasi. Rafiki asipoiweka picha yako kwenye statasi ya WhatsApp kabla ya saa sita mchana, urafiki umetiwa alama ya kuuliza. Na aliyewekwa na watu 30 anajikuta anadaiwa statasi 30 mwaka mzima, kila moja ikihitaji picha nzuri na maneno ya moyoni. Ni michango ile ile, ila hailipwi kwa fedha. Ushauri wangu kwa wanaochoka ni kuondoa tarehe ya kuzaliwa kwenye wasifu wa Facebook, kisha kuwaambia watu watano wa karibu kwamba simu ya dakika mbili inatosha. Simu hiyo ipigwe asubuhi. Na ikiwa mama yupo, mwenye siku ndiye ampigie yeye kwanza.

Halafu kuna maji. Mtindo wa kummwagia maji mwenye siku, wakati mwingine na unga na mayai juu yake, ulianzia kwa wanafunzi na sasa umepanda hadi maofisini na kwenye kumbi. Mtu mzima humwagiwa akiwa na simu mfukoni, nywele za kusuka za saa tano, na pengine dawa za presha alizomeza asubuhi. Akicheka, anacheka kwa sababu amezungukwa. Ikiwa kundi haliwezi kuacha kabisa, basi sharti liwe kuulizwa siku moja kabla, maji yawe lita moja na ya bomba, yamwagwe mikononi au miguuni, nje, kwenye udongo au nyasi. Sakafu ya vigae yenye maji na yai ndiyo inayovunja nyonga, na anayeanguka si lazima awe mwenye siku. Mara nyingi ni mhudumu aliyebeba sinia.

Ufukweni jambo hili huwa baya zaidi, maana hapo mwenye siku hubebwa na kutupwa ziwani. Pwani ya Viktoria ina kichocho cha tumbo. Konokono wanaokibeba hukaa maji ya kina kifupi yenye majani, yaani pale pale watu wanapochezea, na vijidudu hutoka kwa wingi mchana jua likiwa kali, saa ambazo pati za ufukweni hufanyika. Dakika chache majini zinatosha. Dawa ya praziquantel hutibu, kwa kipimo cha miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, lakini haizuii kuambukizwa tena wiki inayofuata. Bado hujaongeza pombe, giza, na mtu asiyejua kuogelea ambaye aliona aibu kulisema hilo mbele ya wenzake.

Sapraizi nayo inahitaji kufikiriwa upya. Inampendeza anayeiandaa kwa sababu yeye anajua kinachokuja. Anayefanyiwa anaingia na nguo za kazini, amechoka, hajaoga, pengine na mgogoro wa nyumbani alioacha mlangoni, anakutana na kamera tatu usoni. Njia salama kwa mtu aliyevuka miaka 40 ni kumwambia siku, saa na mahali, kisha kumficha jambo moja tu: dada yake anayetoka Geita, au mwalimu wake wa zamani. Atavaa anavyotaka, na bado machozi yatamtoka.

Nimesema kulishana keki ni kitu cha harusi, na hapo ndipo uharibifu mwingi hutokea, wa hisia na wa keki yenyewe. Mshereheshaji anapoita "sasa awalishe watu wake wa karibu", anamtaka mwenye siku apange familia yake kwa ngazi hadharani. Mama au mke kwanza? Kaka aliyemsomesha au bosi? Harusini utaratibu huo umezoeleka: wazazi wa pande mbili wanajulikana. Kwenye besdei haupo, kila mtu anaubuni papo hapo, na aliyeitwa wa sita anakumbuka kwamba aliitwa wa sita. Kama lazima kulishana kuwepo, orodha iandikwe na mwenye siku mwenyewe, isizidi watu wanne, na mshereheshaji aipewe kwenye karatasi kabla ya wageni kufika. Waliobaki wapelekewe sahani walipokaa.

Hesabu ya keki haina ugumu. Keki ya mraba yenye upande wa sentimita 20, ikikatwa vipande vya sentimita 2.5 kwa 2.5, inatoa vipande 64. Inatosha watu 60 kila mmoja na kijiti chake cha meno, badala ya uma mmoja kuzunguka vinywani. Kisu kichovywe kwenye maji ya moto na kufutwa kila baada ya mistari miwili, la sivyo krimu inavuta na vipande vinabomoka. Unapoagiza kwa kilo, uliza kilo hiyo ni ya keki iliyokamilika au ya unga uliotumika; wauzaji hawafanani, na hapo ndipo ugomvi wa "mbona ndogo" unapozaliwa. Krimu ya majarini huanza kulegea kwenye joto la mchana wa Mwanza, kwa hiyo keki isikae mezani zaidi ya saa mbili, na isiwekwe karibu na dirisha la magharibi ambalo jua la saa kumi linaingia moja kwa moja. Keki ya ghorofa mbili huzama kwa sababu ya chini haina nguzo: panahitajika vijiti au mirija minne minene iliyokatwa sawasawa na kimo chake, na kipande cha kadibodi ngumu chini ya keki ya juu. Na kwa nyumba za miambani, Mabatini, Bugarika, Igogo, ambako gari linaishia chini na wewe unapanda ngazi kwa miguu, kila ghorofa ibebwe peke yake na kupandanishwa ukiwa umeshafika.

Lakini kwa nini keki iwe kitovu? Kwa mtu mzima wa kando ya ziwa hili, mlo unamfaa zaidi. Watu 15 mezani ni idadi nzuri: unaweza kuongea na kila mmoja, na hakuna haja ya kipaza sauti. Kila mtu na sato wake wa nusu kilo, jumla kilo 7.5, wanunuliwe asubuhi Mwaloni Kirumba au mwalo wa Igombe. Macho yawe yameng'aa, mashavu yawe mekundu, na nyama irudi ukiibonyeza. Sato wa uzito huo amevuka sentimita 25, urefu wa chini unaoruhusiwa kisheria. Wadogo kuliko hapo wasinunuliwe hata kwa bei ya kutupa. Wapaliwe magamba, watolewe matumbo na mashavu, wachanjwe mara tatu kila ubavu, wapakwe chumvi na limau nusu saa kabla ya moto. Wengine huwaloweka kwenye limau tangu asubuhi wakidhani ladha itaingia. Tindikali hulainisha nyama kabla ya moto, na samaki anasambaratika kwenye wavu. Mkaa uachwe hadi ufunikwe na majivu meupe, wavu upakwe mafuta, na sato ageuzwe mara moja tu, dakika 8 hadi 10 kila upande. Unga wa ugali kilo 3 unatosha, pamoja na kachumbari na pilipili. Kreti moja ya soda yenye chupa 24 inabakisha za watoto.

Mlo wa namna hii unaweza kulipiwa na mtu mmoja bila kukopa, au ndugu watatu wakagawana. Hakuna kadi, hakuna singo wala dabo, hakuna kamati ya kukutana Jumatano. Huo ndio mstari ninaouona kati ya sherehe ambayo mtu mzima ataitamani tena na ile atakayoikimbia: mwenye siku anajua nani anakuja, anajua gharama, na hakuna mgeni anayetoka akidaiwa.

Miaka 60 ni habari nyingine. Hapo mpangilio wa harusi unastahili, na sioni sababu ya kuuonea haya. Hutokea mara moja. Kwa mtumishi wa umma ndiyo umri wa kustaafu kwa lazima, baada ya ule wa hiari wa 55, kwa hiyo kuna tukio la kweli: mtu anabadilisha kazi, mapato, mara nyingi na makazi, akirudi Sengerema au Misungwi alikojenga. Michango ya siku hiyo inafuata mantiki ile ile ya harusi, ya deni la maisha linalolipwa mara moja. Kamati iundwe miezi mitatu kabla. Itangulie kukubaliana asilimia ngapi ya michango itakwenda kwenye chakula na ukumbi. Mimi ningesema isizidi 40, na inayobaki akabidhiwe mstaafu kwa namna aliyoichagua mwenyewe: bati, mashine ya kusaga, ng'ombe, au fedha benki. Mapambo ndiyo hula fedha bila mtu kuona, kwa hiyo yawekewe kikomo kwanza, kabla ya mpambaji kuleta picha zake.

Swali la tarehe hurudi hapa kwa nguvu, kwa sababu kustaafu huhesabiwa kwa tarehe aliyoijaza mtumishi alipoajiriwa, hata kama ni 1 Julai ya karani. Wapo wanaojijua kuwa na 58 au 62 siku barua inapofika. Kadi ya mwaliko isiwalazimishe kusema uongo: iandike kustaafu na miaka ya utumishi, iache umri. Ofisi yenye wastaafu watatu wa tarehe moja iwafanyie karamu moja, ukumbi mmoja, na hesabu za michango tatu tofauti, kila moja na mweka hazina wake na daftari lake, zisomwe mbele ya wahusika kabla ya bili ya ukumbi kulipwa.